Deck yangu ya nyuki, na leso iliyokuwa kati yangu na mkwe wangu

Wakuu, nawasalimu wote, wa mjini na wa shambani.

Mjukuu wangu Nzuki ameniambia humu ndani watu husimulia yaliyowapata, na ati msomaji akinusa uongo anakufukuza kama kuku kwa mtama. Sawa. Haya yangu ni ya kweli. Nilikuwa nimekaa hapo kwa kigoda, na kadi zilikuwa kwa mkono wangu.

Wacha kwanza nitaje waliokuwepo, ndio msipotee mbele.

Alikuwepo Mwende, binti yangu wa kwanza, fundi wa kushona nguo. Alikuwepo Musyoki, bwana yake, mchoraji wa mabango ya maduka pale Mwingi, lakini kwao ni Zombe. Alikuwepo Kalekye, tunamwita Mama Kavata, jirani yangu na mwenzangu wa akina mama wa kanisa. Na mimi Syombua, mzaliwa wa Zombe, nikaolewa huku Kathonzweni. Mzee wangu Mutisya alikuwa kazini Mombasa, kwa hivyo yeye si shahidi, msimuulize kitu.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwanzo mwanzo.

Mwende alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu iliposhika, daktari akamwambia, wewe kazi yako ni moja, kulala. Usishone, usiteke maji, usiiname kuwasha moto. Lala mpaka miezi itimie.

Sasa kule Mwingi nani wa kumpikia? Mama ya Musyoki, marehemu Kanini, alikuwa Zombe na macho yake yameisha nguvu. Wazee wa pande zote wakakubaliana Mwende aletwe kwangu.

Akaletwa. Lakini Mwende si mtu wa kulala. Huyo hata tumboni mwangu alikuwa anakimbia.

Naenda kisimani, nikirudi nakuta vyombo vimeoshwa. Naenda shamba, nikirudi nakuta uwanja umefagiwa. Siku moja nikamfumania amesimama kwa meza anakata kitambaa.

Nikamwambia, "Mwende, unataka kuniua?"

Akasema, "Mama, nikilala nasikia moyo wangu tu. Halafu naanza kusikiliza kama na wake unapiga. Nitakuwa wazimu kabla mtoto hajafika."

Nilijua kitu kimoja tu, huyu mtu asipopata cha kumweka kitandani, tutazika tena.

Musyoki akapata kazi ya kuchora maduka hapa Kathonzweni, ndio awe karibu na mke wake. Alilala kwa Kalekye, kwa chumba cha kijana wake aliyekuwa Nairobi. Kwangu hangeweza kulala.

Wasomaji ambao si Wakamba, hapa mnisikize kidogo.

Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawaangaliani usoni. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawaongei moja kwa moja. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Hiyo heshima tunaita nthoni. Si chuki. Ni heshima imezidi mpaka imekuwa ukuta. Kanisa lilikuwa limelegeza kidogo, lakini mimi mama yangu Ndunge alinilea nayo, na Musyoki pia kwao Zombe walimlea nayo. Miaka yote tangu amwoe Mwende nilijua mgongo wake na viatu vyake. Uso wake, hapana.

Basi siku moja Musyoki akaja na sanduku la kadi.

Kule Mwingi kulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo aliyekuwa na mchezo wa kadi wa mapanga na madude yanayotema moto. Akamfundisha Musyoki. Musyoki akapenda mchezo lakini yale madude hakuyaelewa, akasema, sisi tuna letu. Akakata maboksi ya sabuni, akachora kwa rangi yake ya mabango. Adui akawa Eimu, lile zimwi la hadithi za jikoni, linalomeza watu na mbuzi na visima.

Raha ya mchezo huo ni kwamba wachezaji hawapigani wao kwa wao. Wote wako upande mmoja, Eimu upande ule.

Rules zilikuwa hivi, nitafupisha.

Kila mtu ana boma yake. Punje za mahindi ni mbuzi zako. Mbaazi ni maji yako, na kila kadi unayoweka unailipia kwa maji. Kila mzunguko Eimu anafunuliwa kadi zake, anakula mbuzi za mtu. Boma moja tu ikiisha mbuzi, wote mmeshindwa. Hata kama wewe umebaki tajiri.

Mkitaka kumshinda, mumfungue ngumi, halafu mumkate kidole kidogo. Kidole kikikatwa vyote alivyomeza vinarudi. Kama kwa hadithi tu.

Na rule kubwa: hakuna kusema una kadi gani kwa mkono. Unaweza kuongea mambo ya mvua na ya bei ya nguo, lakini kadi zako, mdomo fungwa.

Kadi zilikuwa nyingi sanduku zima, na kila mtu alichagua zake ishirini akatengeneza deck. Hilo neno deck ni la Nzuki. Sisi tulisema "mzigo".

Mwende akasema mchezo unataka watu wanne, na yeye hachezi kama mimi sichezi.

Nikasema, "Na mkwe je? Nitakaa naye meza moja?"

Mwende akasema, "Mama, tundika leso."

Tukatundika leso mlangoni mwa chumba. Kitanda cha Mwende tukakisogeza hapo mlangoni, kichwa upande wa sebule kwa bwana yake, miguu upande wangu. Chini ya leso tukaweka uteo, ule wa kupepetea mahindi, juu ya kigoda, nusu kwangu nusu kwake. Kadi zikawekwa ndani ya uteo. Mimi niliona mkono wa Musyoki ukiingia na kutoka, wenye rangi kwa kucha. Basi.

Wa nne alikuwa Kalekye, na alivyoingia wacha niwaambie.

Alikuja kutuombea. Akakuta kadi.

"Mama Mwende! Karata nyumbani kwako? Si hii ni kamari?"

Nikamwambia, "Kamari iko na pesa. Hapa kuna mbaazi."

Akachukua kadi moja akaangalia. "Na huyu mwenye meno ni nani?"

"Eimu."

"Ni shetani?"

"Ni kama ndugu yake."

"Na mnacheza naye?"

Sauti ya Musyoki ikatoka nyuma ya leso, pole pole, "Mwambieni mama tunacheza kumpinga."

Kalekye akafikiria. Akavua viatu. "Basi nisogezeeni hicho kiti."

Deck yake alikataa kadi yoyote ya uganga. Akachagua wanyama waliotajwa kwa Biblia peke yao. Punda, njiwa, simba, nzige. Kila akiweka punda alikuwa anatuambia ni punda wa nani na alibeba nani. Mchezo ulikuwa unachelewa kwa mahubiri, lakini punda wake walikuwa wazuri, walibebea watu maji.

Mwende alijaza deck yake pinde, mishale na kile kisu cha kukata kidole. Musyoki yeye alikuwa na miiba, yaani ua la kuzunguka boma. Huyo alikuwa mtu wa kulinda.

Mimi nilifanya vile mtu mjinga anafanya. Nilichagua wakubwa. Ndovu, chatu, kifaru, chui. Nikajiambia, Eimu atanikuta hapa.

Wakuu, ndovu anakunywa maji! Nilikaa na mkono umejaa vigogo, na mbaazi zangu mbili tatu haziwezi kulipia hata mguu mmoja wa kifaru. Eimu akala mbuzi zangu nikiwa nimeshikilia ndovu. Kalekye akanicheka mpaka leso ikatikisika.

"Mama Mwende ni kama yule mtu wa kununua lori na hana mafuta."

Siku ya pili nikamwaga sanduku lote kitandani, miguuni pa Mwende, nikaanza kuchagua upya. Ndio nikaiona kadi ya mzinga.

Mzinga wa gogo, umetundikwa kwa mti, na ubavuni una alama ya mshale wenye ncha mbili kama vidole.

Hiyo alama ni ya baba yangu, Nzioka.

Kwetu kila mwenye mizinga ana alama yake, ndio mtu asivune ya mwingine. Mizinga ya baba ilijaa kwa miti kutoka nyumbani mpaka mtoni kule Zombe. Baba alikuwa amekufa zamani, na hakuna mtu Kathonzweni aliyejua hiyo alama. Nikageuza kadi nikaangalia nyuma. Nikaangalia tena mbele.

Musyoki alipokuwa mtoto Zombe alipita chini ya mizinga hiyo akienda shule. Aliichora vile alivyoiona. Na hakuweza kuniambia, kwa sababu ya nthoni. Aliiweka tu ndani ya sanduku, akangoja nifike.

Nikafuta macho kwa kitambaa nikamwambia Mwende, "Mimi natengeneza mzigo wa asali."

Nzuki anasema hiyo sasa inaitwa themed deck. Kadi zote za ukoo mmoja, zinaitana. Yangu ilikuwa hivi.

Mizinga, yote iliyokuwemo. Mzinga ni rahisi, mbaazi moja. Lakini ni mtupu, haufanyi kitu, unakaa tu.

Nyuki. Nyuki hawalipiwi maji. Nyuki hawanunuliwi, wakuu, hata kwa maisha ni hivyo. Unatundika mzinga safi, unangoja. Kwa mchezo, mzinga ukikaa mzunguko mzima bila kuguswa ndio unaruhusiwa kuweka nyuki.

Moshi, wa kuvunia. Asali, inayorudisha mbuzi kwa boma yoyote unayotaka.

Na ndege wa asali, yule anayelia mbele yako akikuongoza mpaka kwa mzinga. Huyo unamtuma kwa boma ya mwenzako, na mwenzako anakupa kadi moja kutoka kwa mkono wake. Hakuulizi unataka gani. Anakisia. Na ukivuna, uache asali moja ya ndege, usipoacha atakupeleka kwa nyoka. Baba yangu alikuwa anatuambia hivyo hivyo.

Sasa combo, yaani vile kadi zinasaidiana. Unatundika mizinga mapema, mingi, bila haraka. Inakaa. Halafu nyuki wote wanaingia mara moja, wanamvamia Eimu, anafungua ngumi ajipige uso. Ngumi ikifunguka, Mwende anakata kidole.

Mwende akaangalia mzigo wangu akasema, "Mama, hii deck ni ya kulala tu."

Nikamwambia, "Na wewe daktari amekuambia nini?"

Kutoka siku hiyo vyombo sikukuta vimeoshwa tena. Alilala mchana kutwa akipanga na kupangua kadi juu ya tumbo lake, anangoja bwana yake atoke kazini na Kalekye amalize kukamua mbuzi.

(Ngoja niweke simu kwa chaji.)

Nimerudi.

Sasa kuna jambo la ajabu. Ile rule ya kutosema una kadi gani ilimsumbua kila mtu. Kalekye alikuwa anakohoa, anakonyeza, anaimba nyimbo za kitabuni zenye neno simba. Mwende alikuwa anauma midomo. Lakini mimi na Musyoki haikutusumbua hata kidogo.

Sisi tulikuwa tumeishi miaka kwa kukisia. Yeye akitaka chumvi kwangu anasema na mtoto wa jirani, mtoto anasema na mimi. Mimi nikijua amechoka, nasikia kwa hatua zake. Nikituma ndege upande wake wa leso, mkono wenye rangi unaingia kwa uteo na kadi ile ile niliyoitaka. Moshi, kama nataka moshi. Mzinga, kama nataka mzinga. Kalekye akaapa kwamba leso ina tundu, akaikagua.

Lakini tulikuwa tunashindwa.

Tukashindwa, tukashindwa, tukashindwa. Mizinga inakaa vizuri, nyuki wako karibu, na Eimu anamaliza boma moja kabla. Nikabadilisha kadi. Nikapunguza moshi, nikaongeza asali. Tukashindwa tena. Kalekye akasema labda tuombe kwanza, tukaomba, tukashindwa.

Halafu jioni moja, jua bado liko, Mwende akatupa kadi zake kitandani.

"Ni boma ya nani inaisha kila siku?"

Kalekye akaanza kuhesabu punje.

"Si yangu? Kila siku si yangu? Mama, asali yako yote unapeleka wapi?"

Nikaangalia uteo. Asali ilikuwa imejaa upande wa Musyoki. Kwani ningefanyaje? Mkwe ndiye anapelekewa kitu kizuri. Unamnyima mkwe asali?

"Na wewe Musyoki, miiba yako yote umezungushia nani?"

Boma yangu ilikuwa imezungushiwa ua kuku hawezi kupita. Yeye naye angemwacha mama mkwe wazi, zimwi limle, alale usingizi?

Mwende akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi na kicheko pamoja, "Mnaheshimiana, mnaheshimiana, na mimi niko hapa katikati naliwa!"

Wakuu, nilishikwa na haya mpaka masikio. Nyuma ya leso nikasikia mtu anakohoa, kile kikohozi cha mtu aliyepatikana.

Kalekye akapiga paja. "Mungu wangu! Kumbe Eimu ni nyinyi wawili!"

Siku iliyofuata nikapeleka asali kwa Mwende. Musyoki akahamisha miiba kwa Mwende. Ndege wangu akatua kwa Mwende kila mara. Mizinga yangu ikakaa mitupu, na mbuzi zangu zikaliwa kidogo kidogo, nikaziacha ziliwe. Halafu nyuki wakaingia, mmoja, mwingine, mwingine, uteo ukajaa nyuki, na Musyoki akafunua kadi ya Eimu akasema, "Ngumi imefunguka."

Mwende akaweka kisu.

Tukarudisha mbuzi zote, visima vyote, punda wote wa Kalekye. Tukapiga vigelegele mpaka watu wa njiani wakasimama kuuliza kama mtoto amezaliwa. Kalekye akawaambia, "Bado, lakini Eimu amekatwa kidole!" Sijui walielewa nini.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi ya mchezo. Lakini haikuisha hapo.

Ilikuwa alasiri, siku ya soko, Kalekye amekwenda sokoni. Musyoki alikuwa kwangu anakata na kufunga fito za zizi. Nilikuwa napepeta muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, nikasikia Mwende akivuta pumzi vibaya. Nikaingia. Alikuwa ameshika mbao za kitanda na uso umelowa jasho. Na miezi ilikuwa haijatimia.

Nikatoka nje. Na hapa ndio mtaona vile kadi ni rahisi kuliko maisha.

Kalekye ndiye aliyekuwa mdomo wetu, na hayupo. Nikasimama nimempa Musyoki mgongo, nikaambia mbuzi aliyefungwa pale, "Mbuzi wewe, naona Mwende ana maumivu."

Nyuma yangu shoka likanyamaza. Musyoki akaambia nguzo ya zizi, "Nguzo, mimi hapa ni mgeni. Mwenye boma ndiye anajua la kufanya."

Nikaambia mbuzi, "Mke wa mtu siwezi kumtoa nyumbani bila bwana yake kusema."

Akaambia nguzo, "Nami siwezi kuamuru kwa boma ya mama."

Tukasimama hivyo. Mimi namheshimu, yeye ananiheshimu. Ulimi wangu ulikuwa umefungwa na mama yangu na nyanya yangu na wengine nisiowajua.

Ndani ya nyumba Mwende akalia, sauti ile ile, "Mama! Musyoki! Leo tena mnaniacha niliwe?"

Nikageuka.

Nikamwita kwa jina lake. "Musyoki! Shika kitanda!"

Nilirarua leso mlangoni kwa sababu ilikuwa inatuzuia. Kitanda kilikuwa cha kamba, chepesi. Yeye akashika upande wa kichwa, mimi upande wa miguu. Mlango wa nje ulikuwa mwembamba, akatoka kinyumenyume, na njia ya kwetu kushuka barabarani ni ya mbuzi, mawe na makorongo. Hakupata nafasi ya kugeuka. Alitembea kinyumenyume njia yote, na mimi ndiye niliyekuwa macho yake.

"Jiwe, mguu wa kushoto."

"Hapa, mama?"

"Mbele kidogo. Sasa korongo. Shuka. Polepole."

"Nimeshuka. Wewe usikimbie, mama, nitaanguka."

Kuona njia ilibidi nitazame nyuma ya bega lake, na kuona kama amenielewa ilibidi nimtazame uso. Nikamtazama. Ana kovu juu ya jicho la kushoto. Ana mwanya. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanashuka tu, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Miaka yote hiyo sikujua mkwe wangu ana mwanya.

Mwende katikati yetu akasema, "Sasa mnaonana," na akauma ile leso niliyorarua.

Barabarani tukapata pikapu ya Muli, mtu wa hapa kwetu, ikitoka na magunia ya mbaazi. Muli akafungua nyuma. Tukamlaza Mwende juu ya mbaazi, mimi upande huu, Musyoki upande ule, mpaka hospitali.

Wauguzi walisema tungengoja mpaka jioni tungewapoteza wote wawili. Hao wauguzi sikupata majina yao na hiyo inaniuma mpaka leo, kwa sababu nina majina ya kila mtu mwingine. Mungu anayo.

Msichana. Mdogo, wa kufungwa kwa pamba, lakini analia. Kilio chembamba, kama nyuki aliyeingia ndani ya kibuyu. Jina lake la kweli ni Kanini, la mama ya Musyoki, ndio desturi. Lakini mimi nilimwita Nzuki, yaani nyuki, na hilo ndilo lililoshika.

Musyoki akaleta mbuzi. Kwetu nthoni ikivunjwa lazima kitu kitengenezwe. Kalekye akasema mambo ya mbuzi ni ya zamani, tuombe tu inatosha. Tukaomba. Halafu tukala mbuzi, na Kalekye alikula mguu mzima. Siku hiyo mimi na mkwe wangu tulikula sahani moja. Leso iliyoraruka nilimbebea Nzuki mgongoni mpaka ikaisha.

Sasa Nzuki ni mama mzima. Kabla ya Krismasi alifungua lile sanduku la kadi, rangi bado iko, akaniuliza, "Susu," yaani nyanya, "deck yako ilikuwa inapangwaje?" Ndio sababu ya huu uzi. Nimempangia. Mizinga kwanza, kisha ngoja.

Tulicheza Krismasi, wote. Musyoki ana miwani sasa, anakaa mbele yangu ananitazama vizuri. Na mnajua alifanya nini mwanzo wa mchezo? Alichukua miiba yake yote akazungushia boma yangu. Na mimi nikajikuta nimempelekea asali.

Mwende akaweka kadi chini akasema, "Haya. Naliwa."

Somo langu, wakuu: heshima ni kitu kizuri, mimi nashukuru nililelewa nayo, bila hiyo Musyoki hangeweza kunisoma nyuma ya leso. Lakini kila mara angalia katikati yenu kuna nani. Nashukuru kwa mkono wenye rangi, kwa punda wa Kalekye, kwa mbaazi za Muli, na kwa baba yangu Nzioka ambaye alama yake ilinifikia kwa boksi la sabuni.

Nanyi mliwahi kucheza kitu kikawafundisha jambo la nyumbani? Andikeni hapo chini, Nzuki atanisomea zile ndefu, macho yanachoka.

Na kama kuna mtu wa Kathonzweni au Zombe humu na nimekosea, anisahihishe. Mimi nasema pikapu ilikuwa ya Muli. Musyoki anasema ilikuwa ya Mutua, kaka ya Muli, na Muli alikuwa dereva tu. Na Kalekye, kama wajukuu wako wanakusomea, sema kweli mbele ya watu: ule mguu wa mbuzi ulikuwa mmoja au miwili?